Maoni ya Watoto Kuhusu Mama yake Alma

Mimi na Bodil Ravnkilde tulisimama kwenye meza moja ya kukata minofu ya samaki kiwandani kwa zaidi ya miaka thelathini, yeye kushoto, mimi kulia, maji ya barafu yakituchuruzikia kwenye buti. Kwa hiyo nikisema namjua, sisemi kwa kusikia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele nyekundu na maneno machache. Wakati wa mapumziko alikula mkate wake amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo. Wafanyakazi wapya walidhani anaringa. Mimi nilijua kwamba akikaa tu, miguu inakataa kumnyanyua tena.

Alikuwa na mtoto mmoja, Asta. Baba mtu alipata kazi Norwe, akapotelea huko bila hata barua. Asta alianza kusoma kabla hajatimiza miaka minne, amepiga magoti juu ya magazeti tunayotandika mlangoni kwa ajili ya viatu vyenye tope. Alipofika sita alikuwa anakokotoa saa za maji kujaa na kupwa kwa kichwa tu. Nahodha mmoja wa hapa bandarini alilinganisha hesabu zake na kitabu cha mamlaka ya bandari, akavua kofia. Watu walimwambia Bodil amebahatika.

"Njoo ukae naye siku moja," alikuwa akijibu, "halafu ndiyo uniambie."

Zamu yetu ilianza saa nane mchana, na mtoto alihitaji mtu wa kumwangalia. Akapatikana Merete, binti wa daktari wa meno, msichana wa miaka kumi na tano, mchangamfu, mwenye vicheko. Alimpenda Asta, hilo sitamnyima. Alimletea vitabu vya kaka zake, akamnunulia madaftari, wakawa wanashinda mezani wakiandika nambari, mmoja anaandika, mwingine anashangilia.

Asta alipokuwa na miaka minane, akaanza kukataa kula. Alikuwa anatafuta nambari fulani, sisi hatukuijua na hata leo siijui. Akasema hatatia kitu mdomoni mpaka aipate. Siku ya kwanza Bodil alidhani ni utundu wa kitoto. Siku ya tatu mashine ya kiwandani iliharibika, tukaruhusiwa mapema. Bodil akamkuta mtoto mweupe kama karatasi, sahani ya viazi imepoa pembeni, na Merete ameegemeza kidevu kwenye mikono, macho yanang'aa.

"Amekula?"

"Hataki. Anasema mpaka amalize."

"Na wewe ukamwacha?"

"Bodil, anakaribia kuipata! Bado kidogo tu!"

Bodil akalichukua daftari, akafungua mlango wa jiko la kuni, akalitupia ndani. Asta hakulia. Alivuta sahani, akala viazi vyote huku akimtazama mama yake, kisha akaenda kutapika. Merete alitoka mbio na hakurudi tena nyumba ile.

Kesho yake Bodil alinisimulia, kisu mkononi, macho kwenye samaki. "Nimefanya jambo baya, Inger. Na akikataa kula tena nitalifanya tena."

Asta alikwenda chuo kikuu Aarhus akiwa na miaka kumi na saba. Kila alipokuja nyumbani alikuwa amepungua. Bodil alimpeleka kwa madaktari, alimpikia, alimbembeleza, alimfokea. Asta akiwa na miaka ishirini na miwili, moyo wake ulisimama, chumbani kwake, siku ya Jumanne, saa za mchana. Nguo ambayo Bodil alimzika nayo ilibidi waikunje mgongoni kwa pini.

Miaka kumi baadaye Merete, ambaye sasa alikuwa mwandishi huko Kopenhagen, akatoa kitabu cha watoto. Kinamhusu yaya kijana na mtoto wa ajabu aitwaye Alma, wanaoishi mji wa bandari. Kinachekesha, nakiri. Yaya anatatua kila kitu, Alma anashinda mashindano ya hesabu na kupigiwa makofi. Mama yake hana hata jina, anaitwa Mama tu. Ana nywele nyekundu, ananuka samaki, na katika sura ya tisa anachoma daftari.

Kitabu kikapendwa. Maktaba yetu ikatenga ukuta mzima, na Torkild, mkutubi, akawapa watoto kadi za manjano waandike maoni yao na kuchora nyota. Mjukuu wangu aliandika ya kwake. Nilipokwenda kuisoma nikaziona na nyingine, nikaomba Mungu Bodil asipite pale.

Alipita. Alinieleza kiwandani kana kwamba ananieleza habari za hali ya hewa.

"Nimekwenda kusoma maoni. Wameandika vizuri. Mmoja kanipa jina la mchawi."

"Achana nayo, Bodil. Watoto wale."

"Mwingine anataka nianguke baharini kwenye ukurasa wa mwisho."

Nilidhani ataishia hapo, lakini akawa anakwenda kila Alhamisi kabla ya zamu kuangalia kadi mpya. Siku moja nilimsindikiza, maana nilihofia kumwacha peke yake. *Nyota tano. Yaya ni mcheshi hadi nilicheka kitandani. Mama ana roho mbaya. Nyota tatu. Hakuna mbwa. Mama yangu ni mkali lakini si kama yule. Kwa nini hawakumpeleka Mama jela?* Bodil alisoma zote, polepole, mikono mfukoni. Kisha akanionyesha moja chini kabisa, karibu na sakafu, ikabidi nichuchumae.

*Nyota nne. Mimi nafikiri Mama amechoka. Ukurasa wa 31 anakula amesimama na hakuna anayemuuliza kwa nini. Solvej, darasa la nne.*

"Huyu kasoma," Bodil alisema.

Mwezi wa Novemba Merete akaja maktaba kuongea na watoto, Jumamosi saa nne asubuhi. Nilimsihi Bodil asiende. Akavaa koti lake la kanisani, akaenda, nami nikamfuata. Tulikaa nyuma. Merete alikuwa amenenepa kidogo, amependeza, sauti ileile ya kicheko. Sijui kama alituona.

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Alma ni mtu wa kweli?"

"Kidogo," Merete akasema. "Nilipokuwa msichana nilimlea mtoto anayefanana naye."

"Yuko wapi sasa?"

Merete akatabasamu, akatazama dari. "Nafikiri ni profesa mahali fulani mbali. Anahesabu nyota."

Bodil akasimama. Hakupaza sauti. "Merete. Ulileta maua."

Kweli alileta, siku ya mazishi, mafungu mawili meupe, nami ndiye niliyeyapokea mlangoni mwa kanisa. Bodil akamgeukia yule mvulana aliyeuliza, akamwambia kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto aliyeuliza vizuri: "Alifariki, mwanangu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliacha kula."

Mtoto wa mbele akaanza kulia, wengine wawili wakafuatia. Torkild akaja akamshika Bodil mkono, "Twende nje, tafadhali, twende," na Bodil akaenda bila ubishi. Merete alitukuta kwenye ngazi, mvua ikinyesha.

"Bodil, ni hadithi tu. Ni ya watoto. Siwezi kuwaandikia kifo."

"Sikutaka uwaandikie kifo. Umeandika daftari, hukuandika sahani."

"Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilichokiona mimi ni daftari."

"Na sasa una miaka arobaini," Bodil akasema.

Merete alianza kulia. Bodil akafunga vifungo vya koti na kushuka ngazi.

Wazazi walilalamika kwa barua na kwa simu. Torkild akang'oa kadi zote, akamwomba Bodil, kwa adabu na kwa aibu, asije maktaba saa za watoto. Merete alimwandikia Bodil kwamba amezungumza na mchapishaji, na kwamba chapa ya pili itarekebishwa. Ilipotoka nilinunua nakala, nikampelekea Bodil nyumbani. Alifungua sura ya nne, ile ambayo Mama anakula amesimama, kisha ya tisa, akapitisha kidole kila mstari. Daftari lilikuwepo. Sahani haikuwepo. Mama alikuwa na nywele nyeusi.

"Nywele," alisema. Akanirudishia kitabu.

Wiki chache baadaye tulikuwa dukani tukinunua maziwa. Mwanamke mmoja akaita, "Solvej, usiguse hivyo," na Bodil akageuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akigeuka. Msichana mwembamba mwenye miwani alikuwa karibu na rafu ya biskuti. Bodil akasogea hatua mbili, akafungua mdomo aseme neno. Mtoto alimtazama, akamtambua kutoka siku ile ya maktaba, akaingia nyuma ya mama yake na kushika koti lake kwa mikono miwili. Mama akamsogeza mbali. Bodil akarudisha maziwa kwenye rafu.

Alifanya kazi miaka miwili zaidi, kisha bega likakataa na daktari akamwandikia asirudi kiwandani. Alikwenda kuishi kwa dada yake huko Randers, katika chumba kinachotazama ua. Nampigia simu kila Jumapili baada ya chakula. Tunazungumza habari za bega, na za dada yake anayeweka chumvi nyingi kwenye kila kitu.