Bibi Lami Aitwa Darasani

Wenzake wa kikosi cha usiku cha manispaa walimwita Bibi Lami. Hakulipenda jina hilo, kama ambavyo hakupenda mambo mengi. Miaka kumi na tisa barabarani, kwanza na fagio kisha na koleo, ilikuwa imemfundisha kuwachukia wenye magari, na alilisema hilo popote, hata msibani.

Mjukuu wake wa darasa la tatu alipoleta ujumbe kwamba mwalimu anawaomba wazazi waje kueleza kazi zao, Bibi Lami akajitolea kwenda; bintiye, mama wa mtoto, akakunja uso.

"Mama, usiende na yale manguo ya kazini. Wenzake watamcheka."

"Wacheke. Wakichoka watanyamaza."

Akaenda na kizibao chake cha kung'aa na buti zilizoganda lami. Mwalimu alizitazama buti, akaitazama sakafu. Kwenye benchi la wageni alikuwa ameketi mwenye duka la viatu, naye mzazi. Bibi Lami alimtambua mara moja. Yule bwana hakumtambua yeye. Watu wa barabarani nani huwatazama usoni?

Bibi Lami akasimama mbele ya ubao.

"Nyinyi mkilala, sisi tunafunga barabara kwa koni. Wafagiaji wanapita, wanazoa mnavyotupa: maganda, chupa, nepi za wadogo zenu. Lori la maji linaosha vumbi. Ndipo tunaingia sisi wa mashimo. Shimo halijazwi kama tumbo. Tunakata kingo zake zinyooke, tunatoa tope, tunapakausha, tunamwaga lami ya moto na kuishindilia. Ikikanyagwa kabla haijapoa, kazi yote bure."

"Kwa nini usiku?" mtoto mmoja akauliza.

"Kwa sababu mchana baba zenu hawatupishi."

Mwalimu akakohoa. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Baba anasema mnapiga kelele makusudi ili tusilale."

"Baba yako ni yupi?"

Msichana akamwonyesha yule wa viatu.

Hapo Bibi Lami angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Basi baba yako namjua. Wiki mbili zilizopita alishuka garini, akatupa koni zetu mtaroni, akarudi akapita na gari juu ya lami ya moto. Mwenzangu aliruka kumkwepa, akaanguka, akavunjika mkono. Mpaka leo hawezi hata kufunga vifungo vya shati."

"We mama, chunga mdomo wako," yule bwana akasema, akiinuka. "Mimi sikuwa huko. Una ushahidi gani?"

"Ni ile siku tuliyotoka kwa shangazi," binti yake akasema, kwa sauti ya mtoto anayesaidia. "Baba, si ulisema tusimwambie mama kuhusu lami kwenye matairi?"

Darasa zima likacheka. Yule bwana akamshika binti yake mkono, akamvuta hadi nje, mkoba wa mtoto ukabaki juu ya dawati.

"Bibi, tulikuomba ueleze kazi," mwalimu akasema.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Malalamiko yalifika manispaa kabla ya mwisho wa juma. Msimamizi alimsomea barua bila kumtazama: amewatukana wananchi akiwa amevaa sare. Akahamishiwa kuzibua mitaro mchana, kazi ya kunuka ambayo hupewa wanaoadhibiwa. Mwenye mkono uliovunjika alimshukuru, lakini hakuna aliyemwita yule bwana kumhoji. Nyumbani, bintiye alimnunia siku nane, akimwekea chakula mezani kama anayemwekea mpangaji. Mjukuu alirudi shuleni akapigana na wawili walioiga sauti ya bibi yake, akamshinda mmoja.

Bibi Lami hakujuta hata chembe kwa sababu ya yule mwanamume. Akipita dukani kwake alivuka upande wa pili, asije akalazimika kumsalimu. Kilichomkera ni uso wa yule mtoto alipokuwa akivutwa mlangoni, haelewi amekosa nini.

"Wewe ulimuuliza baba yake ni yupi," mjukuu akamwambia jioni moja, "na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa sijui."

"Lakini ulipojua, hukunyamaza."

Bibi Lami akaendelea kukwangua buti kwa kisu.