Zuhura ya Mke Wangu

Juzi, baada ya sala ya magharibi, shemeji yangu alikuja Magongo akaniomba nimwonyeshe nyota ambayo dadake, marehemu mke wangu, alikuwa akiipenda. Tukapanda juu ya paa.

"Inayometameta ni nyota," nikamweleza kwa sauti ya darasani. "Iliyotulia ni sayari. Ile pale ndiyo Zuhura yake."

Akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi nami nikajifuta yangu. Zuhura ikazidi kukua, ikashuka, ikatoa magurudumu.

"Shemeji," akasema taratibu, "wallahi Zuhura yako yatua uwanja wa ndege."

Tukacheka hadi tukakaa chini. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu mazishi. Zuhura yenyewe ilikuwa juu ya tangi la jirani.

Msomaji, sayari haina haraka. Itazame kwanza, ndipo uililie.