Nyonga ya Mtani Wangu

Nilikwenda katika msiba wa mtu nisiyemjua, nikalala njiani mbele ya jeneza lake, nikakataa kuinuka. Nilisema kwamba Mhehe huyu hajafa, amejilaza tu ili akwepe kulima, na kwamba mimi Mngoni siwezi kuruhusu azikwe kabla hajamaliza shamba la babu yangu. Wanawake waliokuwa wakilia walicheka huku machozi yakiwatiririka. Wazee wawili walinivuta miguu, kisha wakanipa jogoo ili nipishe njia. Ndivyo utani wetu ulivyo: babu zetu walipigana vita vikali, na sisi wajukuu tumerithi ruhusa ya kutukanana hata makaburini, ili uchungu wa wafiwa upungue. Kulala kwangu pale hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba, nikiwa bado na vumbi kifuani, nilikuwa nikitazama ni akina nani wananitazama, na kabla jua halijatua watu watatu walikuwa wameambiwa chumba changu kilipo.

Chumba hicho kilikuwa Kihesa, pembeni mwa mji wa Iringa. Nilikuwa nimetoka upande wa Mbeya, ambako nilisoma katika chuo cha hospitali moja ya misheni. Kazi niliyosomea ni kuwarudishia watu matumizi ya viungo vyao: mkono uliokakamaa baada ya kuvunjika, goti la mtu aliyeangukiwa na gogo, mgongo wa aliyerudi kutoka migodini akitembea kama amebeba gunia. Tulifundishwa kuchua, kukunja na kunyoosha kwa kipimo. Na zaidi ya yote tulifundishwa kutambua kiungo ambacho hakipaswi kuguswa kabisa. Nilipohitimu niliombwa nibaki hospitalini. Nilikataa. Niliamini kwa dhati kwamba Mwafrika wa Tanganyika anastahili kuwa na chumba chake cha tiba, chenye heshima, asichopewa na misheni wala serikali, na kwamba watu watakuja kwa sababu kazi ni njema. Nikapaka kuta chokaa, nikatengenezesha kitanda cha mbao, nikatundika cheti changu ndani ya kioo. Kwa wiki tano hakuingia kiumbe isipokuwa mbuzi wa jirani.

Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, Mhehe wa makamo, aliyeshonea barazani mbele ya mlango wangu.

"Mngoni," aliniambia siku moja bila kuinua macho kutoka kwenye mshono, "unaatamia nini humo ndani?"

"Nasubiri wagonjwa, baba."

"Usiniite baba, mimi mtani wako. Niite bwana mkubwa, kama babu yako alivyomwita babu yangu." Alikata uzi kwa meno. "Sasa nani atamvulia shati mtu asiyemjua? Hospitali tunakwenda kwa sababu kuna sindano. Kwa mganga tunakwenda kwa sababu alimtibu bibi. Wewe umemtibu nani? Watani zako tunazikana kila wiki, na wewe umekaa na karatasi yako ukutani. Hata kututukana hujaja. Mngoni gani wewe?"

Nilikwenda. Baada ya msiba ule wa kwanza nilikwenda katika misiba mingine, kisha harusini, kisha kwenye ubatizo, kisha majumbani bila sababu yoyote. Nilinunua daftari la shule, nikaipa kila nyumba ukurasa wake. Niliandika humo mtoto yupi anasoma mbali, ng'ombe yupi amezaa, nani ametoka hospitalini, babu yupi hapendi kuulizwa habari za mwanawe mkubwa. Kabla ya kumtembelea mtu nilisoma ukurasa wake, na nilipofika niliuliza kila jambo kwa mpangilio. Watu walisema, "Mngoni huyu ana moyo, hasahau." Wakaanza kuja, mmoja akimleta mwenzake. Wengi wao niliwasaidia kweli. Niliwapenda pia, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Laiti ningekuwa mnafiki mtupu ningeweza kujikana kwa urahisi. Lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuweza tena kupeleka pole katika nyumba ya mfiwa bila kukumbuka ni nani ndani yake anachechemea.

Nyumba iliyonifungulia nyingine nyingi ilikuwa ya mama mmoja mjane, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mtu aliyependwa mno pale mtaani. Alikuwa na ulimi mkali wa utani kuliko wanaume wote. Akiniona kwa mbali aliita, "Ficheni kuku, Mngoni anakuja," na mimi nilimjibu kwamba nimekuja kuchukua mateka wangu aliyetoroka vitani. Aliumwa nyonga ya kulia. Alinijia akichechemea kidogo, nikamlaza, nikamchua, akasema amepata nafuu. Jumapili ile aliwaambia wanakwaya wenzake. Juma lililofuata walikuja wanne.

Aliendelea kuja mara mbili kwa wiki. Mwezi wa pili wa kumchua, paja lake la kulia lilikuwa limekuwa jembamba kuliko la kushoto. Aliniambia, kama mtu anayesimulia jambo dogo, kwamba usingizini maumivu humshtua hadi akapiga kelele, na kwamba jioni mwili hupata joto. Nilipoweka kiganja mbele ya nyonga nilikuta uvimbe laini, usio wa moto. Nilijua. Sisemi kwamba nilihisi au nilishuku; nilijua, kwa sababu maneno yale yale yalikuwa katika madaftari yangu ya chuo, yamepigiwa mstari kwa mkono wangu: kiungo kinachomwamsha mgonjwa, homa ya jioni, nyama kunyauka; hicho ni kifua kikuu cha mfupa; usikichue, usikikunje, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Kulikuwa na sindano mpya za ugonjwa huo. Kulikuwa na plasta ya kuutuliza mfupa. Vyote vilikuwa hospitalini, na mimi nilikuwa na mafuta.

Sikumpeleka. Nilijiambia kwamba nitamwangalia wiki moja zaidi. Niliwaza kwamba nikimrudisha kwa wale niliowakataa, kwaya nzima itasema Mngoni ameshindwa, na kurasa zile zote za daftari zitabaki karatasi. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa miezi. Kila Jumanne na kila Ijumaa niliikunja nyonga ile kwa mikono yangu iliyosoma.

Siku moja nilikwenda kumchua nyumbani kwake, kwa kuwa sasa njia ilimshinda. Ndugu walikuwa wamejaa uani, wakinywa ulanzi, pombe ya mianzi. Binti yake, aliyekuwa amerudi nyumbani kumwuguza, alinisimamisha mlangoni.

"Mtani," alisema, "mbona mama anazidi kukonda?"

Watu wote walikuwa wakisikiliza. Nikasema, "Anakonda kwa kunipenda. Mwambieni anikubali, atanenepa."

Walicheka sana. Mama mwenyewe alicheka kutoka ndani, akajibu kwamba hawezi kuolewa na mtu ambaye babu yake alikimbia akaacha ngao. Binti hakucheka. Alinitazama usoni kwa muda, kisha akanipisha nipite.

Siku ya tatu nilikuta mlango umefungwa. Fundi ndiye aliyenieleza kwamba binti amempakia mama yake katika basi la Mbeya, amempeleka katika hospitali ile niliyosomea, kwa kuwa alikuwa amesikia hapo ndipo ujuzi wangu ulipotoka. Alitaka ujuzi uleule, alisema, lakini uliozidi.

Nilimfuata baada ya wiki mbili. Njiani kote nilipanga maneno ya kumwambia daktari. Nilimkuta mama katika wodi ya wanawake, mguu umefungwa plasta kuanzia kiunoni, uso umepungua, macho ni yale yale. "Mateka wako yuko minyororoni," aliniambia. "Umeridhika sasa?" Hapo daktari akaingia. Alikuwa Mzungu mzee aliyenifundisha kila ninachokijua, mwenye Kiswahili cha taratibu na safi. Alifurahi kuniona. Aliniambia hali ya mgonjwa mbele ya mgonjwa, kama alivyofanya siku zote: maisha yake yamenusurika, lakini mfupa umelika, nyonga itashikana, haitakunjika tena, na hatatembea bila magongo.

Kisha akamgeukia. "Mama, nimekuuliza mara nyingi. Nani alikuwa akikuchua?"

"Mtani wangu," alisema.

"Ndiyo, lakini mtani ni nani?"

"Ni mtu ambaye haulizwi."

Daktari alitikisa kichwa, akanigeukia. "Wewe unakaa Iringa, unawajua watu wa kule. Mtafute mtu huyo. Mwambie aache, kabla hajamharibu mwingine."

Nilikuwa nimesimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi. Nikasema, "Nitamtafuta, daktari."

Mama alinitazama, halafu akageuza uso kwenye dirisha.

Alirudi Kihesa baada ya miezi mingi. Siku ya kumpokea, ua ulijaa ndugu na wanakwaya. Aliketi kwenye kiti, mguu umenyooka mbele yake kama mti, magongo yameegemezwa ukutani. Nilikuwa nimeazimia. Mzee mmoja, binamu wa marehemu mumewe, alinishika bega akaniambia kwamba goti linamsumbua tangu masika, aje lini chumbani kwangu? Niliinuka, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Nendeni hospitali kwanza. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa mfupa, nami nikaujua tangu mwezi wa pili. Nilimficha kwa sababu niliogopa kuwapoteza ninyi. Mguu huu nimeuharibu mimi."

Kisha mzee yule akaangua kicheko. "Mnaona Mngoni? Vitani alishindwa, sasa anajisifu kwa mguu wa mwanamke." Ua mzima ukacheka. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba nitozwe faini, nimbebe mama mgongoni hadi kanisani kila Jumapili. Mama akasema mgongo wangu ni mwembamba, hautafika hata kwa fundi. Nilisema tena, "Sitanii." Wakacheka zaidi, kwa kuwa hivyo ndivyo mtani husema. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kujenga urafiki ambao ndani yake hakuna neno langu lingeweza kuaminiwa.

Nilipotoka, binti alinifuata hadi barabarani. "Kamwene, bwana," alisema, salamu ya heshima ya Kihehe. Hakuwahi kunisalimu hivyo. Alizoea kuniita mtani, au mwizi wa kuku. Nilimwitikia.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Na mama anajua, alijua tangu Mbeya. Amekataa usemwe. Anasema ukifukuzwa, itaonekana alikuwa mjinga aliyependa kuchekeshwa." Akatazama nyuma uani. "Daktari hakupata jibu lake, bwana. Yeye si mtani wako, hatacheka."

Akarudi ndani. Tangu siku ile hajaniita kwa jina lolote ila bwana, na hunipa salamu kamili, kwa heshima kamili, kama anavyompa karani wa boma.

Jumatatu mzee wa goti alikuja, bado akicheka maneno yangu ya uani. Nilimlaza, nikamtazama pande zote mbili, nikamwuliza kama humwuma akiwa amelala. Alisema humwuma sana. Nikafunika chupa ya mafuta bila kuigusa ngozi yake, nikamwambia nitamwandikia barua aipeleke kwa daktari Mbeya, naye avumilie safari.

Nikaketi mezani. Habari za goti zilichukua mistari mitano. Kisha nikaandika kwamba yule mtu wa Iringa niliyeagizwa kumtafuta nimempata, nikaeleza alisomea wapi, aliona nini mwezi wa pili, na kwa nini alinyamaza. Niliandika jina langu katikati ya barua, si mwishoni tu. Niliharibu karatasi moja, nikaanza upya.

Mzee alikuwa amekwisha kuvaa. Alinyoosha shingo juu ya bega langu, akatazama ukurasa wa pili ukijaa.

"Mngoni, goti langu lina maneno yote hayo?"

"Si ya goti lako peke yake," nilimwambia. "Kaa kidogo, mzee. Bado sijamaliza."