Chupa Niliyoiacha Butembo

Wivu ndio ulionitoa Butembo, nisiwadanganye. Mimi ni Paluku, jina la mtoto wa kwanza. Mwenzangu wa maabara ni Kambale, jina la wa pili, na huyo wa pili alikuwa ametengeneza kichujio cha maji kilichosifiwa mji mzima. Chef wetu, mkuu wa maabara, alitaka kujua kama maji yake yamebaki na chuma, hata chembe. Mashine ya kupima chembe hizo iko Kampala. Nikajitolea kupeleka, nikiomba kimoyomoyo chuma kionekane.

Asubuhi ya safari Kambale aliniletea chupa ya ziada.

"Mukubwa, ubebe na hii. Ni maji safi kabisa, ya kulinganisha."

Nikaona ananifundisha kazi. Alipogeuka, nikaificha kabatini.

Mjini Beni joto lilinivua koti. Tantine, shangazi aliyenipa malazi, aliniuliza, "Unamujua ule Kambale wa maji?" Nikasema namjua kidogo. Ugali wake sikuumaliza.

Kesho yake gari letu lilifuata msafara wa malori hadi Kasindi, tukavuka mpaka kuingia Uganda, nikapanda basi.

Kampala nilipokewa na Biira, mwendesha mashine. Yeye ni Mkonzo, mimi Mnande, hivyo tulisalimiana kwa lugha zetu zinazosikilizana. Maji ya Kambale yalipopita mashineni, chuma kikaonekana. Biira akaulizia chupa ya kulinganisha, nikasema hatuna. Alipokwenda kutafuta maji yake, nikamtumia chef ujumbe: kichujio kimeshindwa. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Maji ya Biira, safi kuliko yote aliyonayo, nayo yakaonyesha chuma.

Akanieleza kwamba mashine huyachoma maji katika gesi ya argoni, kisha hutambua vitu kwa uzito. Argoni ni arobaini, oksijeni ya maji kumi na sita. Zikishikana zinafika hamsini na sita, uzito wa chuma. Akafungulia gesi ya heli ndani ya mashine, kwenye njia vinakopita vitu hivyo. Wale wawili walioshikana ni wanene, wakagongana nayo mara nyingi wakaishiwa nguvu. Chuma halisi kingepita. Akapima tena maji ya Kambale. Chuma hakikuwamo.

Kurudi, Beni sikulala kwa tantine. Niliogopa swali lake.

Butembo nilikuta kichujio kimeshushwa ukutani kwa ujumbe wangu. Nikamwambia chef, Kambale akisikia, kwamba chuma kile kilikuwa kosa la mashine, na kwamba chupa niliiacha makusudi. Kambale akafungua kabati, akaitoa chupa, akaifuta vumbi.

"Mukubwa," akasema, "shika upande ule, tukipandishe."

Nilichojifunza ni hiki: anayetamani sana kuona kitu asipime peke yake. Wivu wenyewe haujaniishia. Lakini nilishika upande wangu, na kichujio kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.