Wifi na Rais wa Amerika Sebuleni Kwangu

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, wengine wajukuu zangu na wengine siwajui, msitazamie maneno ya kitabuni. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, na skuli nilitolewa ningali mdogo. Lakini mambo ya rais wa Amerika nayajua, tena nayajua kuliko nilivyotaka. Wivu ndio ulionifundisha. Nautaja kwa jina lake, maana siku hizi nasikia kila kitu mnakiita msongo wa mawazo.

Babu yenu alifanya kazi ya mizigo gatini Deira, huku ng'ambo tunakoishi, akipeleka mafriji na matairi Unguja na Mogadishu. Sasa kazi anayo mwanetu, yeye kabaki nyumbani Al Jaddaf na televisheni. Anasema hana budi kumfuata rais wa Amerika, kwa sababu yule bwana akigombana na nchi moja meli zinageuza njia, akipandisha ushuru bei zinayumba, na mzigo wa mwanetu unalala gatini. Sikuwa na neno. Alikuwa akimaliza kutazama, tukikaa wawili alasiri kwenye kahawa, ananieleza kwa ufupi leo kuna nini. Mimi namjibu, "Mungu atasahilisha." Nikadhani hayo ndiyo mazungumzo, na kwamba yametutosha.

Halafu akaja wifi yangu kutoka Maskati kutibiwa goti, kliniki ya Oud Metha. Ni binti wa ami yake babu yenu. Mjane, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, na mpaka leo anapaka wanja. Kabla yangu mimi, yeye ndiye aliyekuwa akitajwatajwa kwa bwana huyu. Hilo nililijua tangu siku ya arusi yangu, nikaliweka.

Sasa elewani jambo moja. Binti ami si maharimu. Sheria inamruhusu kumuoa, kwa hivyo hawawezi kukaa wawili peke yao chumbani. Lazima awepo mtu wa tatu. Na mtu wa tatu nyumbani kwangu alikuwa mimi.

"Mama," babu yenu huniita, "njoo ukae nasi, taarifa ya habari inaanza."

Naenda nakaa, na sinia langu la mchele mapajani, nachagua chuya. Huwa najifanya sisikii.

Siku moja huko Amerika ofisi za serikali zilikuwa zimefungwa, kwa sababu rais na Bunge lake hawakukubaliana juu ya bajeti.

"Umeona, kaka?" anasema wifi. "Wafanyakazi wake wanakwenda kazini bila mshahara, na yeye yuko safarini anapatanisha watu."

"Afanye nini?" anajibu babu yenu. "Asipokwenda, dunia itasema Amerika imelala. Akienda, watu wake wanasema katutupa."

"Na Bunge lile, hata wa chama chake hawamfuati wote."

"Na mahakimu je? Akitia saini tu, hakimu anamwambia ngoja."

"Na wale marafiki zake wa Ulaya. Kawapandishia ushuru asubuhi, jioni anawataka wamuunge mkono kwenye vita."

Babu yenu akapiga paja, akacheka mpaka machozi. "Wallahi wewe ulipotea kwenda kufundisha. Ungekuwa balozi."

Nikaangalia mchele. Tangu anioe, hajapata kupiga paja kwa neno langu. Nilimzalia, nikamuuguza, nikamlelea na mama yake, na paja lake limetulia tuli.

Ikawa ndiyo kazi ya kila siku. Wao wanaamua kama rais amalize kwanza bei ya nyama na mayai kwao au amalize vita vya wenzake, mimi nakaa pale kama pazia. Wifi alikuwa akitoka chumbani kwake na kanzu ya hariri na udi umefukizwa, kwa taarifa ya habari.

Nikaona nisishindwe. Nikamwita mjukuu wangu mkubwa, yule anayesoma chuo kikuu. "Nifahamishe hilo Bunge la Amerika."

"Bibi, una nini leo?"

"Nifahamishe."

"Bunge ndilo linaloshika mfuko wa serikali. Rais hawezi kutoa pesa bila ya wao kupitisha."

"Hata za chakula cha watu?"

"Hata hizo. Na wakipitisha wao, rais anaweza kukataa. Wakikaidi, wanapiga kura tena, na wakiwa wengi zaidi wanampita."

"Basi hiyo si serikali, huo ni ugomvi wa mirathi."

Akacheka, lakini nililishika. Siku ya pili nikakaa sebuleni bila sinia. Walipofika kwenye Bunge, nikatia neno langu. Nikasema mimi naona rais awaite wabunge wote kwake, wa chama chake na wasio wa chama chake, awaandalie biriani, wakae chini wale sahani moja. Wakishiba ndipo alete karatasi ya bajeti. Nilisema kwa dhati. Kwetu sisi, ndugu waliogombania nyumba wamepatanishwa hivyo hivyo, nimepika mwenyewe.

Wifi akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Wale wote, wifi? Kwa sufuria gani?"

Hilo la wifi ningelimeza. Wifi kazi yake ni hiyo. Lakini babu yenu naye akacheka. "Mama, biriani liache kwenye arusi. Yale ni mambo ya dola."

Nikainuka. Nikasema nakwenda kutazama jiko. Jikoni hapakuwa na kitu. Dada wa Uganda anayetusaidia kazi alikuwa kanisani, mwanangu na mkwe wangu wako kazini, na mjukuu nilikuwa nimemtuma duka la chini akaniletee iliki ambayo ninayo.

"Mama, unarudi?" babu yenu akaita.

"Jiko lina moto."

Kisha nikasikia fimbo ya wifi inagonga ukumbini, inarudi chumbani kwake taratibu, maana mtu wa tatu kaondoka. Televisheni ikabaki inamsomea babu yenu peke yake. Kesho yake nikafanya tena, na siku iliyofuata. Sikuona haya, na leo sioni.

Babu yenu akanuna. Kahawa akanywa kama dawa. Halafu alasiri moja akasema, "Nimefikiri. Binti ami akae hapa moja kwa moja. Maskati yuko peke yake, watoto wake wote wako Uingereza."

"Akae kama nani?"

"Kama nani vipi?"

"Mgeni anakuja anaondoka. Anayekaa ana cheo chake. Unataka kumuoa?"

Akaweka kikombe chini. "Kwa umri huu?"

"Sikukuuliza umri."

Akakizungusha kile kikombe. Mwisho akasema, "Nataka mtu wa kuzungumza naye."

Hilo liliniuma kuliko angesema ndiyo. Mke mwenza ningejua pa kumweka. Wapo niliowaona, wanapangiwa zamu na mambo yanakwenda. Lakini mtu wa kuzungumza naye utampangia zamu gani?

"Na mimi?"

"Nikikwambia habari unanijibu Mungu atasahilisha. Hapo mimi niongeze nini?"

"Hujapata kuniuliza naonaje. Siku niliyosema naonavyo, ukanicheka. Tena mbele yake."

Akaitazama televisheni, nayo imezimwa.

Fleti hizi kuta zake hazifichi kitu. Haukupita muda, wifi akaja jikoni, akajishusha kwenye kiti kwa tabu.

"Wifi, mimi sikuja kuolewa. Nilikuja kutengenezwa goti."

"Na hariri na udi?"

"Navaa kwa raha yangu. Maisha yangu yote ya ndoa mume wangu hakuniuliza neno. Kaka ananiuliza. Nimefurahi, sikatai."

"Anakuuliza kwa sababu hujui anavyokoroma."

"Anakoroma?"

"Kama jenereta."

Akacheka, na mimi kicheko kikanitoka bila ya kukipa ruhusa. "Usidhani nimekusamehe," nikamwambia.

"Sijakuomba," akasema, akachukua kisu akanimenyea vitunguu.

Goti lilipopoa akarudi Maskati. Tangu hapo babu yenu alianza kuniuliza, mwanzo kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Unaonaje, watapitisha safari hii?" Namjibu. Nikikosea ananisahihisha, na siku nyingine nakosea sana. Mara moja nilimwambia kwamba rais yule ana nyumba mbili. Akihudumia ya nje, ya ndani inanuna. Akirudi ndani, wa nje wanasema katuacha. Nikamwambia mimi nawaelewa wote, lakini wale wa ndani nawaelewa zaidi. Akanitazama, akaongeza kahawa kwenye kikombe changu, kisha kwenye chake.

Sasa juzi simu imelia. Kliniki inamtaka wifi kwa goti la pili. Babu yenu aliipokea amekaa, akaimaliza amesimama. Akaenda kunyoa ndevu. Akatoka na harufu ya manukato, anamwambia dada atandike chumba cha wageni na atoe vumbi kwenye televisheni. Mwanangu, mkwe wangu, wajukuu, na dada mwenyewe na shuka mkononi, wote wakageuka kunitazama mimi.

Wivu ulikuwa pale pale ulipokuwa, haukupungua. Nikawaambia: "Chumba cha wageni kifungwe, na ufunguo mnipe. Wifi atalala chumbani kwangu, kitanda kimoja na mimi, na magoti yake nitayakanda mwenyewe. Babu yenu mtandikieni sebuleni, karibu na rais wake. Na taarifa ya habari ikianza, asiulizwe mtu kabla yangu."