Wachimbaji Wenye Ngozi ya Vumbi

Juzi hapa Dilala mpwa wangu alikuwa akichagua jeshi lake kwenye mchezo wa simu, nikakumbuka chumba cha michezo ya video kule Kapata, mtaa wa utoto wangu, kilichonuka jasho na nyaya zilizopata moto. Katika mchezo wetu, viumbe wa sayari zote waliwadharau wachimbaji wenye ngozi ya vumbi.

"Bale ni bachafu, banaibaka bitu ya bantu," alisema kijana mwenye chumba, akiwaonyesha kwa kidole kwenye skrini kama wachafu na wezi wa vitu vya watu.

Baba yangu, mchimbaji, alirudi kila jioni na vumbi hilohilo, hivyo niliamini aliyetengeneza mchezo alikuwa amepita mtaani kwetu. Nikawachagua wao.

"Utashindwa."

"Mi nitashindwa nabo."

Nikashindwa kweli, na kesho yake nikawachagua tena. Leo najua yule aliyetengeneza mchezo hakutujua kabisa.

"Tantine, bale ni bachafu," mpwa wangu alininung'unikia mimi shangazi yake, nilipomwonyesha wachimbaji waliokuwa pia kwenye mchezo wake.

"Ile ni vumbi ya kazi," nikamwambia. "Chagua bale."