Dabo ya Tano

Katika klabu yetu ya mchezo wa vishale pale Rusimbi, mtu akishatupa vishale vyake vitatu anausoma ubao mwenyewe. Hakuna wa kumsomea. Anasimama palepale kwenye mstari, anataja jumla yake kwa sauti, mwandishi anaiandika kwa chaki, ndipo anakwenda kuvichomoa. Wageni waliotutembelea kutoka klabu nyingine walitucheka, maana kwao mwandishi ndiye anayesoma. Sisi tuliwajibu kwamba kwetu mtu mzima halindwi kama mtoto wa shule. Tulijivunia sana kanuni hiyo. Adhabu yake nayo ilijulikana: ukitaja uongo, kisha ukachomoa vishale kabla watu hawajakubali, umekula ubao, na mla ubao anafukuzwa.

Mimi nilikuwa nahodha wa boti ya abiria, ya mbao, yenye mashine mbili, iliyokuwa ikitoka bandari ya ziwani ya Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini na kurudi. Boti haikuwa yangu. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa mjini, mtu wa maneno machache, aliyenikabidhi nikiwa bado nina nywele kichwani. Sikuwa nachelewa, na sikuwahi kugusa jiwe. Majivuno nilikuwa nayo, sikatai. Abiria akinishauri habari ya njia, nilimwuliza yeye ana boti ngapi.

Mke wangu ni mtu wa Ujiji, Mmanyema, anauza mawese sokoni. Vishale nilimfundisha mimi, kwa mzaha tu, kwenye ubao niliotundika nyuma ya nyumba, na haikupita miaka miwili akawa ananishinda. Ndugu zake hawakupenda. Walimwuliza mwanamke wa Kiislamu anatafuta nini mahali panapouzwa bia. Yeye alijitanda mtandio wake, akaagiza soda, akatupa vishale vyake, na jua likianza kushuka alikuwa jikoni anasonga ugali kama kila siku. Sijapata kumwona akifurahi kama alivyofurahi pale mstarini. Sokoni alikuwa mama wa mawese na nyumbani alikuwa mama watoto, lakini klabuni watu walinyamaza akiinua mkono. Alikuwa anangoja Jumapili tangu Jumatatu.

Kisha sukari ikanishika, nami nikaipuuza kama wanaume wengi wanavyoipuuza, mpaka ikapanda kwenye macho. Daktari aliniambia damu inavuja nyuma ya macho yote mawili, na akaniuliza naacha lini kazi ya majini. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Sikufikiria chochote. Nilikuwa naona pembeni, lakini katikati palikuwa na ukungu. Milima niliiona, ufuo niliuona, mashine nilizisikiliza, na njia ile nilikuwa naijua kuliko njia ya kwenda msalani kwangu. Ila mtumbwi ukija mbele yangu sikuuona mpaka umefika ubavuni. Tajiri angejua, boti ingetoka mikononi mwangu siku hiyohiyo, na kazi nyingine sikuijua. Aliyejua ni mke wangu peke yake.

Alinisihi niache. Nilimfokea, nikamwuliza kama mawese yake yatalisha nyumba nzima. Tangu siku hiyo akaacha kunisihi, akawa ananisaidia kuficha.

Klabuni alinisaidia hivi. Mkono wangu haukuwa umesahau kutupa, kwa hiyo kutupa niliweza. Ubao wenyewe niliuona kama sufuria nyeusi iliyotundikwa ukutani, na kusoma sikuweza kabisa. Basi yeye alisimama karibu na mstari, na nikishatupa husema kwa sauti ya kunitania, "Haya, sitini hiyo, umeamka leo," au, "Arobaini na moja tu, mzee? Jikaze." Nami hurudia namba yake kama yangu. Watu walicheka, wakasema mke wa nahodha ana mdomo.

Ndipo yakaja mashindano ya wawili wawili, kila jozi mwanamume na mwanamke. Wazee wa klabu waliyaita mashindano ya kutafuta talaka, kwa sababu hakuna mume anayekubali kuambiwa na mkewe kwamba ametupa ovyo. Zilijiandikisha jozi nane. Mgeni rasmi alikuwa tajiri wangu, ndiye aliyetoa mbuzi wa zawadi, akakaa kiti cha mbele na kikombe chake cha chai. Mke wangu alikuwa ameshona gauni jipya la kitenge. Nilimwona kwa pembeni ya jicho anavyojishika-shika shingoni kwa wasiwasi, mtu mzima yule, na nikajisikia fahari.

Raundi mbili za kwanza tulishinda bila jasho. Fainali ilitukutanisha na mwalimu mmoja wa shule ya msingi na dada yake. Kabla hatujaanza, mwalimu alimwendea mwenyekiti wa klabu akasema, bila ubaya wowote, "Mwenyekiti, shemeji anamsomea mumewe. Kanuni yetu si hiyo." Mwenyekiti akakubali. Akaamuru kwamba asiyetupa akae kwenye benchi la nyuma na afunge mdomo.

"Hata kumshangilia?" mke wangu akauliza.

"Mshangilie akishasoma, shemeji."

Akanivuta mkono kando. "Tuseme tumbo limekuuma," akaninong'oneza. "Tuwaachie mbuzi wao, twende zetu."

Ushauri ulikuwa mzuri, na hata mtoto angeufuata. Lakini tajiri alikuwa anatutazama, na mimi sikutaka anione nimeshika tumbo mbele ya mwalimu. "Nenda kakae," nikamwambia. Akaenda.

Nilicheza kwa masikio. Kishale kinachogonga waya unaotenga namba za ubao kina mlio wake, na kinachozama vizuri kina wake. Mara ya kwanza nilitaja arobaini, na mwalimu mwenyewe akacheka akasema, "Nahodha, unajipunja. Ile ni sitini." Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Baada ya hapo nilibahatisha, na bahati ilinishika mkono. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaubeba mchezo. Kila alipopanda mstarini alifuta makosa yangu, akarudi kwenye benchi bila kunisemesha.

Tukafika mahali ambapo sisi tumebakiwa na sitini za kufikia sifuri, na wao thelathini na mbili, na anayefuata kwao ni yule dada ambaye hakosi. Ilikuwa zamu yangu. Kwetu, kama kwingine, mchezo unafungwa kwa dabo, ile njia nyembamba ya ukingoni inayohesabiwa mara mbili. Nilihitaji ishirini, kisha dabo ya ishirini. Kishale cha kwanza kilizama palepale nilipokituma. Cha pili kiligonga waya, kikaanguka sakafuni. Cha tatu kilitoka mkononi vizuri sana, na mlio wake ulikuwa mzito na safi. Mkono wangu uliniambia kimeingia, na kwa miaka yote ile haukuwa umenidanganya.

"Sitini," nikasema. "Nimefunga."

Ukumbi ukanyamaza, nami nikadhani wameduwaa kwa heshima. Nikaenda haraka nikavichomoa vishale. Haraka ile haikuwa ya furaha tu, nilikuwa naogopa mtu asije akaniambia nimwonyeshe kwa kidole.

"Nahodha," mwalimu akasema taratibu, "ile ilikuwa dabo ya tano."

Dabo ya tano iko jirani na dabo ya ishirini, kati yao kuna waya mmoja tu. Lakini waya ule mtu mwenye macho anauona akiwa mlangoni. Mwandishi naye akasema ameona tano. Mtu mmoja nyuma akasema, "Amekula ubao."

Mwenyekiti akainuka. "Nahodha, uliona nini?"

Nikavipanguza vishale kwa shati.

"Nakuuliza tena. Pale ubaoni, uliona nini?"

Tajiri aliweka kikombe chini. Niliusikia mlio wa kikombe kwenye kisahani, na nikajua ananitazama usoni. Maneno yalikuwa mawili tu: sikuona. Ningeyasema, ningetoka pale mtu safi asiye na kazi. Nikinyamaza, nilikuwa mwizi mwenye boti. Mwanamume wa umri wangu, nilisimama na vishale mkononi. Nilikuwa mwoga. Jambo lile nimelitafutia jina jingine miaka hii yote na sijalipata.

"Mara ya tatu, nahodha. Uliona nini?"

"Ni mimi," mke wangu akasema kutoka kwenye benchi.

Watu wakageuka. Akaja mbele, akasimama kati yangu na mwenyekiti. "Nilimwambia mimi. Nilimwambia ikifika hapo aseme amefunga, achomoe haraka. Yeye alikuwa hataki."

"Shemeji," mwenyekiti akasema, "fikiri unalosema."

"Nimeshafikiri."

Mwenyekiti akanigeukia. Nilikuwa nimesimama karibu na mke wangu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikatazama sakafu. Basi wakamfukuza yeye klabu moja kwa moja, na mimi wakanisimamisha msimu mmoja. Mbuzi akaenda kwa mwalimu, ambaye hakuonekana kumfurahia. Tajiri alinipiga bega akipita. "Wanawake," akasema, "watakuponza. Kesho saa mbili usichelewe."

Sikuchelewa.

Ujiji habari haichukui siku mbili. Ndugu zake walikuja nyumbani, wakakaa mkekani, wakamwambia wao walishasema. Hakubishana nao. Sokoni ndiko kulikoniuma, ingawa nilisimuliwa tu. Mke wangu alikuwa anauza mawese kwa chupa na kwa dumu, na watu walikuwa wananunua kwake macho yamefumbwa. Sasa wakawa wanainua chupa juani, wanaitikisa, wanauliza kama hajachanganya. Mwanamke mmoja aliyekuwa mteja wake tangu ujana alikuja na chupa yake mwenyewe ya kupimia. Mke wangu alimmiminia, akangoja apime, akamfungia.

Nyumbani hatukulizungumza jambo lile hata mara moja. Baadaye nikaanza kuzoea, na hapa ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu kuna siku nilifika mahali pa kuamini kwamba labda kweli aliniambia nichomoe haraka. Aliponiwekea chakula nilikula. Ule ubao wa nyuma ya nyumba aliushusha mwenyewe akauweka stoo, na mimi nikajifanya sijagundua.

Niliendesha boti miezi mitano zaidi. Mchana mmoja, tunaingia Kibirizi na abiria na magunia ya muhogo, niligonga mtumbwi wa mvuvi wa dagaa aliyekuwa anatengeneza wavu wake, amekaa, mkono mmoja ameuegemeza ukingoni. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Jua lilikuwa utosini. Abiria walikuwa wamepiga kelele kunionya, nami nilidhani wanashangilia kufika. Mkono wa yule mvuvi ulibanwa kati ya mbao za boti na za mtumbwi wake, na hospitali waliukata juu ya kiwiko. Bado yuko hai. Ana watoto wadogo.

Tajiri aliniuliza swali lilelile la mwenyekiti, niliona nini, na safari hii nikalijibu. Ilikuwa rahisi sana kulijibu wakati hakukuwa na chochote cha kuokoa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda klabu, nimeshika bega la jirani, kwenda kusafisha jina la mke wangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniagizia chai isiyo na sukari. Nikamweleza yote: macho, daktari, namba alizokuwa ananitajia, na kwamba yeye hakuniambia nidanganye hata siku moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nahodha," akasema, "tulijua."

"Mlijua nini?"

"Kwamba huoni. Ulijipunja ishirini ukacheka. Ukatupa dabo ya tano mbele ya watu wote ukasema umefunga. Nani anaiba hivyo? Mwalimu mwenyewe aliniambia palepale, huyu bwana haoni. Kwa nini nilikuuliza mara tatu? Mwizi haulizwi mara tatu."

Nikamwuliza, kama walijua, kwa nini walimfukuza.

"Alisema mwenyewe. Na wewe mumewe ulikuwa umesimama hapo hapo ukanyamaza. Mimi ningeanzaje kumkatalia, nikamwambia mumeo ni kipofu, mbele ya tajiri wake? Nikakungoja wewe. Nikadhani kesho yake utakuja. Nikadhani wiki ile." Akanisogezea chai. "Jina lake tutalirudisha. Mwambie Jumapili aje."

Nilirudi nyumbani nikamkuta uani anamimina mawese kwenye chupa. Nilimweleza tangu nilipokaa mpaka nilipoondoka, na nikamwambia kwamba wamesema jina lake ni safi, Jumapili aje atupe vishale vyake.

Aliendelea kumimina. Niliisikia chupa ikijaa, akaifunga, akachukua nyingine.

"Mke wa mwenyekiti alishaniambia wiki ileile waliyonifukuza," akasema. "Kwamba wanajua."

"Na hukurudi kudai jina lako?"

"Mimi sikuwa nawangoja wao, mzee."

Jumapili ilipofika alikwenda sokoni.